UZI: Kifaa cha umeme cha kifafa na tumbo kinachotangazwa Bukavu. Kabla ya kutoa pesa, ulizeni walihesabu nini

Labo_Kadutu (mwenye uzi)

Jambo wandugu wa Bukavu na wote mnaopita humu.

Nafanya kazi ya labo hapa Kadutu: damu, mkojo, choo, makohozi. Naandika kwa sababu ya ile odio inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ya kifaa cha kubana sikioni ambacho eti kinaponyesha kifafa na tumbo la muda mrefu, vyote viwili, na mnunuzi anaambiwa aache vidonge vya munganga. Kuna familia zimeshaanza kuchanga. Singependa kujibu kwa maneno mawili tu, "ni uongo", kwa sababu ndani ya odio ile kuna vipande vya ukweli, na mtu akishatambua kipande kimoja cha ukweli humeza na yote yaliyobaki.

Ukweli wenyewe ni huu. Kuna mshipa wa fahamu unaoitwa vagasi. Unatoka chini ya ubongo, unashuka kwa pande zote mbili za shingo, unapita kwenye moyo na mapafu, unafika hadi kwenye utumbo. Nyuzi zake nyingi, kama 80 kwa kila 100, hazishushi amri. Zinapandisha habari kutoka viungoni kwenda ubongoni. Watafiti wakafikiri: tukiugusa mshipa huo shingoni kwa umeme mdogo, habari itapanda juu na huenda ikazuia ule mlipuko wa kifafa usisambae. Mgonjwa wa kwanza alipandikizwa kifaa cha namna hiyo mwaka 1988 huko North Carolina, Marekani. Ulaya ilikiruhusu 1994, Marekani yenyewe 1997.

Kifaa hicho hakibanwi sikioni. Ni betri ndogo bapa inayofichwa chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, chini ya mtulinga. Waya wake unapitishwa chini ya ngozi hadi shingoni na kuzungushwa kwenye vagasi ya kushoto. Huchaguliwa ya kushoto kwa sababu ile ya kulia ndiyo yenye nguvu zaidi kwenye sehemu ya moyo inayoanzisha mapigo. Mara nyingi hupangwa kitoe umeme sekunde 30, kinyamaze dakika 5, kirudie tena, mchana na usiku. Umeme ukipita, sauti ya mtu hukwaruza na wengine hukohoa. Mgonjwa hupewa pia sumaku: akihisi kifafa kinakuja, anaipitisha juu ya kifua ili kifaa kitoe mpigo wa ziada.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana ndiyo sababu ya uzi huu. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 1998 liliwagawa wagonjwa katika makundi mawili. Wote walifanyiwa upasuaji. Kundi moja likapewa umeme wa kutosha, la pili likapewa umeme hafifu ambao haukutarajiwa kusaidia. Baada ya miezi 3, kundi la kwanza kifafa kilipungua kwa wastani wa 28 kwa 100. Kundi la pili kilipungua kwa 15 kwa 100.

Isomeni tena hiyo 15. Watu hao hawakupewa umeme wa maana, na bado kuanguka kulipungua. Kunapungua kwa sababu mtu anafuatwa kwa karibu, anameza vidonge kwa saa zake, ana matumaini. Na pia kwa sababu kifafa chenyewe hupanda na kushuka, na watu huingia kwenye majaribio wakati kimepanda. Kwa hiyo kazi halisi ya umeme ni ile tofauti kati ya 28 na 15. Ni tofauti ya kweli, na kwa wengi huongezeka miaka inavyopita, lakini mtu asiyehesabu kundi la pili atakutangazia 28 yote kama mali yake.

Hilo ndilo swali ninalowaomba mumpelekee muuzaji yeyote: mlihesabu nini kabla, mkahesabu nini baada, na mlilinganisha na nani? Akikosa jibu, rudisheni pesa mfukoni.

---

Motari_Nyawera

Aksanti docta kwa maelezo. Mimi si wa kifafa, mimi ni wa tumbo. Mwaka wa pili huu naharisha, siku zingine na damu, kilo zinashuka mpaka suruali inanivuka. Kila nikienda kupima naambiwa amiba, napewa Flagyl, natulia kidogo, inarudi. Sasa niliposikia odio inasema umeme unatibu tumbo, nilisema labda. Hiyo ya tumbo nayo ni uongo?

---

Labo_Kadutu

Mimi si docta, mukubwa, ni mtu wa labo. Na kwa hapo nina mengi ya kukuambia.

Nianze na amiba, kwa sababu naziona kila siku. Amiba inayokula ukuta wa utumbo huonekana vizuri ikiwa bado inatembea: unaiona chini ya darubini inanyoosha mguu wake mmoja mnene, na ndani yake kuna chembe nyekundu za damu ilizomeza. Kwa hilo choo lazima kifike kwangu kikiwa bado na joto, ndani ya nusu saa hivi. Mtu akiniletea choo cha asubuhi saa sita mchana, ndani ya mfuko mweusi uliotoka nacho Panzi kwa motari, wadudu wamekwisha kusimama na mimi naona vivimbe tu, yaani amiba iliyojifunga ndani ya ganda lake. Na vivimbe vya amiba mbaya vinafanana kabisa na vya amiba nyingine isiyodhuru mtu. Darubini haiwezi kuvitenganisha. Ndiyo maana watu wengi mji huu wamemezeshwa Flagyl kwa "amiba" ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Halafu kuna magonjwa ambayo utumbo unawaka bila mdudu: ugonjwa wa Crohn na rektokoliti. Hapa kwetu hayafikiriwi haraka, na kwa haki, kwa kuwa kuhara damu kwetu kwaweza kuwa shigela, amiba ya kweli, kichocho au kifua kikuu cha utumbo. Kifua kikuu cha utumbo na Crohn vinafanana hata machoni pa mtaalamu anayeingiza kamera. Lakini miaka miwili, damu, na kilo zinazoshuka, hiyo haistahili dozi nyingine ya Flagyl. Inastahili munganga wa magonjwa ya ndani.

Sasa vipimo vya kuona kama ndani kunawaka. Kuna viwili unaweza kuvisikia.

Cha kwanza ni CRP, proteini ya kwenye damu, na kipimo chake kipo kwenye labo nyingi za Bukavu. Ini ndilo linaloitengeneza pale mwili unapopambana. Kwa njia yetu ya kawaida naweka tone la seramu, yale maji ya damu, kwenye kioo cheusi, nachanganya na tone la dawa nyeupe kama maziwa, nazungusha kioo taratibu dakika 2 nikikitazama chini ya taa. Maziwa yakibaki laini, hakuna kitu. Yakianza kukatika vipunje vidogo vidogo, CRP imepanda. Ni rahisi na ni haraka, ila ina shida mbili: malaria huipandisha, jino bovu huipandisha, na upande mwingine kuna wagonjwa wa Crohn ambao utumbo unawaka kabisa na CRP yao iko chini.

Cha pili ni kalprotektini, nacho hupimwa kwenye choo chenyewe. Ni proteini iliyojaa ndani ya nyutrofili, zile chembe nyeupe ambazo ni za kwanza kukimbilia mahali penye vita. Ukuta wa utumbo ukiwaka, nyutrofili zinavuka na kuingia kwenye choo na proteini yao inabaki humo bila kuharibika haraka. Mnorwe Magne Fagerhol ndiye aliyeitambua mwaka 1980, na 1992 wenzake wakaweka njia ya kuipima kwenye choo. Kwa kawaida chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ya choo hakuna moto. Juu ya 250, kwa mtu anayejulikana ana Crohn au rektokoliti, mara nyingi ugonjwa umeamka.

Lakini, mukubwa, sikia vizuri: kalprotektini haitaji jina la ugonjwa. Inasema kuna vita, haisemi adui ni nani. Shigela huipandisha, kifua kikuu pia, na hata vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vile mnavyonunua kimoja kimoja mkitoka kuendesha pikipiki siku nzima. Kwa hiyo wadudu watafutwe kwanza.

Na umeme sasa. Mwaka 2000 kundi la Kevin Tracey huko New York lilionyesha kwa panya kwamba ukichokoza vagasi kwa umeme, mwili unatoa kidogo zaidi zile kemikali za kuwasha, hasa TNF. Habari hushuka kwa vagasi, hufikia bandama, na chembe za ulinzi zinaambiwa zipunguze hasira. Kutoka hapo Bruno Bonaz na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, walipandikiza kifaa kile kile cha shingoni kwa wagonjwa wa Crohn. Matokeo ya kwanza yalitoka 2016: wagonjwa 7. Wawili waliondolewa baada ya miezi 3 kwa kuwa hali yao ilizidi kuharibika. Watano walifika miezi 6 wakiwa na nafuu kubwa. Ona jinsi walivyopima: waliingiza kamera, walipima CRP, walipima kalprotektini. Hawakuridhika na mgonjwa kusema "nasikia tumbo limetulia".

Ila hapakuwa na kundi la pili. Watu 7 bila wa kulinganisha nao ni mwanzo wa njia. Na wenyewe walisema ni jaribio la awali.

---

Stajiere_Medesini

Naomba niongezee, yaya Labo, kwa sababu hata sikio lina habari yake na wauzaji wanaitumia.

Tawi dogo la vagasi linafika kweli kwenye ngozi ya sikio, ndani ya lile bonde la juu ya tundu. Kwa hiyo mtu anaweza kuligusa kwa umeme bila kupasua. Mwaka 2023 kundi la Benjamin Sahn, New York, lilichapisha jaribio la watoto na vijana 22 wenye Crohn au rektokoliti. Waliwekewa umeme sikioni dakika chache kwa siku. Kati ya 17 ambao kalprotektini yao ilikuwa 200 au zaidi mwanzoni, 11 ilishuka kwa nusu au zaidi kufikia mwisho. Ni matokeo ya kutia moyo, sitayadharau. Lakini umeme wa uongo ulitumika kwa muda mfupi tu mwanzoni. Sehemu kubwa ya jaribio kila mmoja alijua anapata umeme wa kweli. Na watoto wale walikuwa chini ya uangalizi wa waganga wao.

Kwa kifafa, sikio halijafanya vizuri hivyo. Jaribio la Ujerumani na Austria la 2016 lililinganisha mipigo 25 kwa sekunde na mpigo 1 kwa sekunde, na kundi la mipigo 25 halikulishinda lile lingine kwa namna ya kuaminika. Sasa mtu anayeuza kifaa kimoja kwa magonjwa yote mawili, amekipanga mipigo mingapi? Kwa kifafa shingoni hutumika 20 hadi 30 kwa sekunde. Grenoble walitumia 10. Hicho ni kipimo cha dawa, sawa na miligramu.

Halafu kuna umeme wa ndani ya ubongo kabisa, ambao odio imeutaja bila kuuelewa. Waya mbili zinashushwa hadi sehemu ya mbele ya talamasi, katikati ya kichwa. Jaribio lake lilichapishwa 2010: watu wazima 110 wa Marekani, waliokwisha kushindwa na dawa 3 au zaidi, wanaoanguka mara 6 au zaidi kwa mwezi. Wote walipandikizwa, kisha kwa miezi 3 nusu wakawashiwa, nusu wakaachwa umezimwa bila kujua. Waliowashiwa kifafa kilipungua kwa 40.4 kwa 100. Waliozimiwa, 14.5. Mnaiona tena ile 15 ya yaya Labo? Ni karibu ile ile. Baadaye wote waliwashiwa, na kwa miaka 5 upungufu ulifika 69, ingawa kwa kipindi hicho dawa zao zilikuwa zinabadilishwa na hakuna tena kundi la kulinganisha. Marekani iliuruhusu 2018. Na una gharama mwilini: miongoni mwa waliowashiwa, waliolalamikia huzuni nzito na kusahau walikuwa wengi kuliko wenzao waliozimiwa.

Upo na mwingine wenye akili zaidi, uliruhusiwa Marekani 2013: unakaa ndani ya fuvu, unasikiliza umeme wa ubongo pale kifafa kinapoanzia, na unapiga pale tu unapoona kinaanza.

---

Kivu_Bleu

Ninyi watu wa hopitali mnapinga kila kitu ambacho hakikutoka kwenu. Dada yangu mdogo amekivaa hicho kifaa tangu Pasaka. Anasema anajisikia mwepesi, analala vizuri, hata uso umenawiri. Mtu mwenyewe anakuambia amepata nafuu, wewe unataka karatasi gani tena?

---

Labo_Kadutu

Ndugu, sikatai anachokihisi dada yako, na kulala vizuri ni jambo jema kwa mtu wa kifafa. Naomba nikusimulie kisa ambacho ndicho kilichonifanya niwe mgumu kwenye jambo hili.

Miaka ya 1970 Irving Cooper, mpasuaji wa ubongo wa New York, alipandikiza waya za umeme juu ya serebelamu, ule ubongo mdogo wa kisogoni, kwa watu wa kifafa. Taarifa zake za kuanzia 1973 zilikuwa za furaha. Wapasuaji wengine wakafuata, watu wakafunguliwa vichwa. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza wakachukua wagonjwa 12 wa kifafa kikali wenye kifaa hicho, wakapanga vipindi vya kuwasha na kuzima bila mgonjwa wala mwenye kuhesabu kujua ni kipindi gani. Mwishowe 11 kati ya 12 walisema jaribio limewasaidia. Lakini walipohesabu, hakuna upungufu wa kuanguka ambao ungeweza kuhusishwa na umeme.

Watu 11 kwa 12, ndugu. Hawakudanganya, walihisi hivyo kweli. Na walikuwa wamepasuliwa kichwa kwa kitu ambacho hakikuwazuia kuanguka.

Niambie: dada ameanguka mara ngapi miezi mitatu kabla ya Pasaka, na mara ngapi tangu Pasaka? Na vidonge ameacha?

---

Kivu_Bleu

Hatukuandika. Vidonge vya karbamazepini bado anameza, mama alikataa asiache.

---

Labo_Kadutu

Mwambie mama amefanya vema, na asirudi nyuma. Kuacha dawa za kifafa ghafla kwaweza kuleta kifafa kinachofuatana bila mtu kuzinduka, na hicho huua. Nafuu ya dada yaweza kuwa inatoka kwenye vidonge anavyomeza sasa kwa makini zaidi. Anzeni kuandika leo.

---

Yaya_Essence

Swali la haraka. Hicho cha kifuani, SNEL ikikata umeme inakuwaje? Huku kwetu twaweza kukaa gizani juma zima.

---

Labo_Kadutu

Hakitegemei SNEL, betri iko ndani na hukaa miaka kabla ya kubadilishwa, ingawa kuibadilisha ni kupasua tena. Shida iko kwingine. Umeme hupandishwa kidogo kidogo kwa ziara nyingi, munganga akiwa na kompyuta maalumu na kifimbo cha kuzungumza na kifaa kupitia ngozi. Mtu akapandikizwa nje kisha akarudi Bukavu, anayeweza kumrekebishia kifaa atakuwa wapi? Familia yenye uwezo inayofikiria kumpeleka mgonjwa nje iulize hilo kabla ya kununua tiketi.

---

Papa_Nguba

Watoto wangu, nimesoma yote kwa heshima. Lakini mniwie radhi, mnazungumzia talamasi wakati fenobarbital, kidonge cha kifafa, inakosekana kwenye santri za afya. Shirika la Afya Duniani linasema watu wa kifafa duniani ni kama milioni 50, karibu 80 kwa 100 wako nchi kama yetu, na kwamba hadi 70 kwa 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa vizuri. Linasema dawa ya mwaka mzima yaweza kugharimu dola 5. Dola 5! Na huku mtoto anaungua kwenye mbabula kwa sababu hakuna aliyempa kidonge. Tungezungumza hilo kwanza.

---

Labo_Kadutu

Papa, uko sawa, na sitaki kukushinda kwa maneno. Ila nimeandika kuhusu umeme kwa sababu pesa za vidonge ndizo zinazokwenda huko. Mtu anayetoa dola kwa kibanio cha sikio angeweza kununua fenobarbital ya miaka.

Na utafiti wenyewe unakupa haki. Glasgow walifuatilia wagonjwa 470 ambao hawakuwahi kutibiwa, wakachapisha mwaka 2000. Dawa ya kwanza peke yake ilinyamazisha kifafa cha wagonjwa 47 kwa 100. Ya pili ikaongeza 13. Zilizofuata, au kuchanganya mbili, zikaongeza kama 4 tu. Ndiyo maana wataalamu husema kifafa ni sugu pale dawa 2, zilizochaguliwa vizuri na kumezwa sawasawa, zinaposhindwa. Umeme wote wa kifafa tuliouzungumzia humu ulitengenezwa kwa hao waliobaki. Kwa mtu ambaye hajawahi kumeza dawa moja kwa kipimo chake mwaka mzima, huyo bado hajafika kwenye mlango wa umeme.

---

Anfirmye_Panzi

Papa, fenobarbital kukosekana kuna sababu moja ambayo wengi hawaijui: iko kwenye mkataba wa kimataifa wa 1971 wa dawa zinazochungwa, kwa hiyo kuingiza nchini kunataka vibali kuliko paracetamol. Haisamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Na wandugu, wasichana na wamama walioko umri wa kuzaa wasianzishiwe Depakine, dawa nyingine ya kifafa, kienyeji. Dawa hiyo ikimezwa wakati wa mimba, karibu mtoto 1 kwa 10 huzaliwa na kilema, na wengi zaidi huchelewa kujifunza. Muulizeni munganga nyingine. Lakini aliye tayari na mimba asiache mwenyewe, aende upesi.

Kituo kama SOSAME, cha magonjwa ya akili hapa Bukavu, kinapokea watu wa kifafa, na si lazima mtu awe amechanganyikiwa ndipo aende huko. Nalisema kwa kuwa wazazi wengi wanaona haya kwa ajili ya jina la kituo.

---

Mama_wa_Bagira

Nimekuwa nasoma tu, sasa nauliza. Mtoto wangu wa kiume alianza kuanguka akiwa na miaka minne, baada ya malaria iliyompanda kichwani. Anameza fenobarbital. Zamani ilimsaidia, siku hizi anaanguka tena, nusura ajiunguze na makala ya jikoni. Shuleni wamemtenga benchi yake, wanasema mate yake yanaambukiza. Mimi ndiye niliyesikiliza odio ile usiku na kupiga hesabu ya kuuza cherehani. Nifanye nini?

---

Labo_Kadutu

Mama, cherehani isiuzwe.

Mate hayaambukizi. Kifafa hakipiti kwa mate, wala povu, wala mkojo, wala kumshika. Mwalimu akitaka ushahidi, mwombe anfirmye wa santri yenu aende shuleni aseme mbele ya darasa. Mtoto akianguka wamlaze ubavu, waondoe vitu vigumu karibu, wasimtie kijiko wala kidole mdomoni, wasimmwagie maji. Watazame saa: ikipita dakika 5, au akianza tena kabla hajazinduka, ni hopitali moja kwa moja.

Kuhusu dawa, jambo la kwanza ambalo munganga ataangalia ni kilo. Fenobarbital ya mtoto inahesabiwa kwa kilo. Kama kipimo kimebaki kile cha miaka minne na yeye amekuwa mkubwa, dawa imekuwa ndogo kwa mwili wake, na hapo hakuna kifafa sugu wala haja ya umeme. Usiongeze mwenyewe, kwa sababu ikizidi inalaza na kuzuia pumzi. Ampime, ahesabu, aongeze kwa hatua.

---

Anfirmye_Panzi

Na mama, usingoje kidonge cha mwisho. Pakiti ikibaki na dawa za juma moja, ndiyo siku ya kwenda kutafuta nyingine. Wengi wanaofika kwetu wanaanguka mfululizo ni wale ambao dawa iliisha siku za mvua, njia ikakatika.

---

Mama_wa_Bagira

Aksanti sana. Kesho nampima kilo. Yaya Labo, umesema tuandike. Niandike namna gani? Mimi naandika Kiswahili tu, na munganga anaandika Kifaransa.

---

Labo_Kadutu

Kiswahili kinatosha, mama. Hata alama zinatosha. Chukua daftari la shule, kila ukurasa mwezi mmoja, mstari mmoja kwa kila siku. Siku asiyoanguka, weka sifuri. Usiiache wazi, kwa sababu nafasi wazi haituambii kama hakuanguka au ulisahau. Siku aliyoanguka, andika saa, ilichukua dakika ngapi kwa saa ya simu, na kilianza vipi: mkono mmoja ulitangulia kutetemeka, au mwili mzima mara moja, au alikodoa macho tu bila kuanguka. Hilo la mkono mmoja ni la thamani sana kwa munganga, linamwonyesha upande wa ubongo panapoanzia, na laweza kubadilisha dawa anayochagua. Andika pia kama alikuwa na homa, kama hakulala, na kama kidonge kilirukwa.

Simu yako ikiwa na kamera, mtu mwingine amrekodi mara moja wakati wewe umemlaza ubavu. Munganga akiona video ya dakika moja anapata mengi kuliko maelezo ya nusu saa.

Ukienda, beba daftari, karatasi ya kilo, na pakiti tupu ya dawa, ili aone miligramu zilizoandikwa juu yake. Wakibadilisha kipimo, piga mstari mwekundu kwenye siku hiyo. Baada ya miezi mitatu linganisha juu ya mstari na chini ya mstari, na urudi hapa utuambie namba zote mbili.